Mama Hewa na Chumba cha Ghorofa ya Tisa

Watu wa jengo lile walimwita Mama Hewa, naye alikuwa amezoea kuitika, ingawa hakuwa mama wa mtu. Hakuwahi kuzaa, wala hakuwahi kuolewa. Jina lilianza kama mzaha wa mpishi wa kantini, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kusikika mpaka kwenye lifti. Siku moja mpishi alisema kwamba mwanamke wa umri ule lazima awe mama wa fulani, na kwa kuwa fundi wetu wa viyoyozi hana fulani, basi na awe mama wa kile anachokilea.

"Na wewe unalea hewa," alisema. "Mtoto hashikiki, halipiwi ada, wala hakuombi viatu!"

Watu wakacheka, na yeye akacheka. Jioni, akikunja ovaroli yake, jina lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Lakini kesho yake lilikuwa limeshaenea ghorofa zote kumi na mbili, na jina la utani likishashika halina dawa.

Aliingia kwenye jengo hilo akiwa na miaka ishirini na mitatu, mfagiaji wa ngazi. Fundi wa viyoyozi wa wakati huo, mtu wa maneno machache na kikohozi kirefu, alikuwa akitafuta mtu wa kumshikia ngazi ya mbao anapopanda darini. Yeye akashika. Alishika ngazi miaka minne, mikono kwenye mbao, macho kwenye kazi. Yule fundi alipostaafu, meneja alihangaika wiki tatu kutafuta mwingine. Wiki ya tatu kiyoyozi cha ghorofa ya tano kikaanza kudondosha maji juu ya meza ya mkurugenzi, na mfagiaji akaweka ufagio chini, akaomba spana, akapanda. Alipoteremka, maji yalikuwa yamekoma. Wakampa ovaroli yenye jina la mtu mwingine kifuani, na hakuna aliyekumbuka kuibadilisha mpaka ikachakaa.

Nyumbani alikuwa na vyumba viwili mwishoni mwa ukumbi, kwenye nyumba ya kupanga ya orofa tatu. Alihamia humo na mama yake. Mama alikuwa mgonjwa wa mapafu, na kwa miaka kumi na mmoja binti alijifunza kuzisoma pumzi zake kama wengine wanavyosoma gazeti: hii ya usingizi, hii ya maumivu, hii ya kujifanya amelala ili mtoto akapumzike. Wachumba wawili walibisha hodi katika miaka hiyo. Wa kwanza alisema angesubiri, akasubiri miezi mitano. Wa pili hakusema kitu. Mama alipofariki, mdogo wake wa kiume alikuja kutoka mji wa mbali, akazika, akakaa siku nne, akarudi kazini. Tangu hapo alikuwa akipiga simu kila mwisho wa mwezi.

"Dada, uzima?"

"Uzima. Watoto?"

"Wazima. Kazi?"

"Ipo."

"Haya, dada. Tuombeane."

Dakika moja na nusu, basi. Si kwamba hawakupendana. Walikuwa wamemaliza maneno, na hakuna kati yao aliyejua yanakonunuliwa mengine.

Baada ya msiba akaanza kuacha redio mbili zikisema zenyewe katika vyumba vyote viwili, kila moja na stesheni yake. Kimya cha nyumba ile kilikuwa kizito, na hakukizoea hata miaka mitatu ilipopita.

Ndipo mashine ikaja.

Ilipandishwa juu ya paa kwa winchi, vipande vipande, na pamoja nayo akaja injinia mmoja mrefu aliyeongea haraka kama mtu anayekimbizwa. Meneja wa jengo alimkabidhi Mama Hewa kwake kwa maneno mafupi: "Huyu ndiye anazijua njia zetu za hewa. Usimpite." Injinia akamtazama, akatazama ovaroli, akaanza kueleza polepole kama anavyofundishwa mtoto wa chekechea. Mama Hewa alimwacha amalize.

"Sasa nieleze kama mtu mzima," akamwambia.

Injinia akacheka, akavua miwani, akaanza upya. Watu mle ndani wanapumua kutwa nzima, alisema, na kila mtu anatoa hewa ya ukaa, ile kaboni dayoksaidi inayochafua anga. Viyoyozi huivuta na kuitupa nje. Tunaitupa ya nini? Mashine hii ingeidaka kabla haijatoka. Ndani yake kulikuwa na chembechembe nyeupe mfano wa chumvi ya mawe, na hewa ya ukaa ilinata kwenye zile chembechembe kama nzi kwenye asali. Zikishiba, zinapashwa moto, zinaiachia, inakusanywa kwenye tangi. Upande wa pili, umeme wa paneli za sola unapasua maji ili kutoa haidrojeni. Viwili hivyo vinakutanishwa kwa joto na mgandamizo, na kinachotoka ni methanoli, mafuta yasiyo na rangi, yanayowaka.

"Yakishaungua?"

"Yanarudisha hewa ileile tuliyoidaka. Hatujaongeza mpya."

"Kwa hiyo ni kuizungusha tu."

"Ni kuizungusha tu," alisema injinia, na kuanzia hapo aliacha kumfundisha kama mtoto.

Walianza na ghorofa nne za juu, kuanzia ya tisa. Kila chumba kilifungwa kipimo kidogo, ukubwa wa kiberiti, kilichopima hewa ya ukaa na kupeleka namba kwenye skrini ndani ya kibanda cha bati juu ya paa. Chumba kitupu kilionyesha mia nne na ushee. Watu wakiingia, namba hupanda. Injinia alikaa miezi miwili, akaona mama yule anaisikia mashine ikibadilisha sauti kabla taa nyekundu haijawaka, akarudi ofisini kwao. Akawa anakuja mara moja kwa mwezi.

Siku nzuri mashine ilitoa lita ishirini. Si kitu cha kuendeshea mji, lakini mafuta hayo yalitosha jiko la kantini, na siku ya kwanza lilipowashwa kwa mafuta yale, mpishi alisimama na mwiko mkononi, akatangaza: "Jamani, chai ya leo imechemshwa kwa porojo za wakubwa wa ghorofa ya kumi na mbili! Anayetaka ichemke haraka, awaambie waongeze mkutano!"

Kantini nzima ilivunjika mbavu. Mama Hewa alisikia kicheko kile akiwa mlangoni, kikombe mkononi, akapanda na chai yake juu. Alikuwa na desturi ya kunywa peke yake. Watu walimpenda, walimsalimia, walimtania, lakini hakuna aliyemvutia kiti. Mtu anayezoeleka kupita huwa hafikiriwi kwamba angependa kukaa.

Kibandani, kidogo kidogo, alianza kuwajua watu kwa namba. Chumba cha mikutano cha juu kabisa kilipanda kila Jumanne, na kikipita elfu moja na mia mbili alijua mkurugenzi ndiye anayeongea. Chumba cha wahasibu kilishuka ghafla saa kumi na dakika moja, kama maji yaliyofunguliwa kizibo. Saa saba mchana, saa ya chakula, namba zote za ghorofa nne zilianguka pamoja, isipokuwa moja. Masjala, ghorofa ya tisa, haikuanguka kamwe.

Masjala ilikuwa chumba cha kuhifadhia majalada: kuta nene, hakuna dirisha, mlango wa chuma wenye mpira pembeni ili unyevu usiingie kwenye karatasi. Mkuu wake aliitwa Bwana Masjala. Alikuwa mtu mkavu, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, aliyebakiza miezi minane kustaafu. Na alikuwa hampendi Mama Hewa. Siku Mama Hewa alipokwenda kufunga kipimo, Bwana Masjala alimuuliza, "Yaani sasa hata nikipumua mnaandika?" Kisha akampelekea meneja barua tatu, zenye mwandiko mzuri kama wa kuchapwa, akilalamika kwamba hewa yake inalowesha majalada. Ya tatu ilimtaja kuwa ni "mhusika asiye na elimu ya nyaraka." Meneja alimsomea. Mama Hewa alikubali moyoni kwamba ni kweli, maana aliishia darasa la saba, lakini ukweli nao una namna ya kusemwa.

"Kumbe hata kula hali na wenzake," alijisemea, akitazama namba ile moja iliyobaki juu saa saba. Akaliacha hilo lipite.

Ikaja sikukuu iliyoungana na mwisho wa wiki. Jengo likafungwa siku nne. Lifti zikazimwa, viyoyozi vikazimwa, akabaki mlinzi mmoja getini kwa zamu. Mama Hewa alikuwa amepewa mapumziko kama wengine. Ijumaa alifua. Jumamosi alipanga kabati, akalipangua, akalipanga tena. Jumapili alikaa kitandani akisikiliza redio mbili zikibishana ukutani, akasema kwa sauti, "Hapana." Jumatatu asubuhi akavaa ovaroli. Alimwambia mlinzi anakwenda kusafisha machujio ya mashine wakati watu hawapo. Haukuwa uongo. Wala haukuwa ukweli wote.

Alipanda ngazi ghorofa kumi na mbili akipumzika mara tatu. Saa nne kasorobo alifungua kibanda na kuwasha skrini. Mia nne na kumi. Mia nne na kumi na tano. Mia nne na nane. Vyumba vyote vilikuwa vimelala. Kisha akaona masjala: elfu mbili na mia nane.

Aliigonga skrini kwa ukucha. Namba ikabaki. Kipimo kimeharibika, alifikiri, na akainama kuvua chujio la kwanza. Bado ameinama, akatupa jicho tena. Elfu mbili mia nane na tano. Kipimo kibovu huruka juu na chini au huganda. Hiki kilikuwa kinapanda taratibu, kwa utulivu, namna alivyoona namba zikipanda kila siku ya kazi.

Mle ndani kulikuwa na mtu anayepumua. Aliacha chujio lilipoangukia, akachukua mfuko wa vifaa na chupa yake ya maji, akashuka ngazi mbio, yeye ambaye magoti yake yalikuwa yameshaanza kumsuta.

Ukumbi wa ghorofa ya tisa ulikuwa na joto na giza la mapazia. Juu ya meza ya nje ya masjala palikuwa na simu iliyochomekwa chaji. Alishika mkono wa mlango wa chuma. Ukazunguka bure, kama kijiko ndani ya kikombe. Kitasa kilikuwa kimekatika kwa ndani.

"Kuna mtu?" Aligonga kwa spana.

Kutoka chini kabisa ya mlango, yakaja mapigo matatu, dhaifu.

"Bwana Masjala? Ni mimi, fundi wa hewa!"

"Fungua kwanza," ilisema sauti iliyokauka. "Kutambulishana baadaye."

Kama si hofu angecheka. Alipiga magoti, akaanza na skrubu. Mbili zilitoka kwa hiari. Ya tatu ilikuwa imeshikwa na kutu, na mikono yake, iliyowahi kufungua mashine zenye nati ndogo kama mchele, ikaanza kuikwaruza kutu kwa ncha ya bisibisi. Alizungumza naye muda wote, maana alijua kutoka kwa mama yake kwamba mtu aliyebanwa pumzi husikiliza sauti kuliko maneno. Alimwambia imebaki moja. Akamwambia mlango huu una kiburi kama mwenyewe. Akasikia kitu kama kicheko ndani. Skrubu ikakatika, kitasa kikadondoka, mlango ukafunguka, na hewa nzito ya jasho na karatasi ikamwangukia usoni.

Bwana Masjala alikuwa amekaa sakafuni ameegemea kasha, shati wazi kifuani, midomo imepasuka. Alikuwa humo tangu Jumamosi saa tisa mchana. Mama Hewa hakumpa chupa. Alimimina maji kwenye kifuniko na kumnywesha funda moja, akangoja, funda jingine, akangoja.

"Nipe yote, bwana."

"Ukinywa yote utatapika. Mimi nimeuguza. Tulia."

Mkavu yule akatulia. Baada ya muda alimsaidia kusogea hadi ukumbini, akafungua dirisha, wakakaa chini wote wawili, migongo ukutani.

"Nampigia daktari," alisema Mama Hewa.

"Usipige. Kichwa kinauma tu. Na usimwambie mtu."

"Nisimwambie nini?"

"Kwamba nilikuwa hapa."

"Ulikuwa unafanya nini hapa sikukuu?"

Bwana Masjala alifunga vifungo vya shati, kimoja kimoja, mpaka cha shingo, kabla hajajibu. "Kule ninakoishi nina kitanda, kiti na ukuta," alisema. "Huku, angalau, majalada yana majina ya watu. Nilikuja kupanga ya mwaka nilioanza kazi. Mlango ukajifunga. Nilipiga kelele mpaka sauti ikaisha." Akamgeukia. "Wewe ulijuaje?"

Alimweleza habari ya kipimo, skrini, namba. Alimweleza pia, bila kukusudia, juu ya saa saba mchana.

"Kwa hiyo siku zote hizo ulikuwa unaniona."

"Sikuoni. Naona tu kwamba upo."

Akamletea simu yake kutoka mezani. Aliiangalia kwa muda mrefu. Siku mbili, na ndani yake kulikuwa na ujumbe mmoja tu, wa kampuni ya simu, wa kumtangazia vifurushi. Akaiweka mfukoni, na Mama Hewa akageuza uso dirishani ili ampe nafasi.

Alimsindikiza mpaka zahanati ya mtaa wa pili, akangoja kwenye benchi walipompima shinikizo la damu na kumtundikia dripu. Muuguzi alipomuuliza, "Wewe ni nani yake?" alisema, "Tunafanya kazi pamoja." Saa kumi alifika nyumbani, akazima redio zote mbili kwa mara ya kwanza tangu mama azikwe, akakaa katikati ya kimya kile kusudi. Alikuwa akifikiri juu ya mlango wake mwenyewe, na kitasa chake, na ni siku ngapi zingepita. Mdogo wake angepiga simu mwisho wa mwezi. Siku ile ilikuwa tarehe tisa.

Kazini hakumwambia mtu, kama alivyoombwa. Kwenye daftari la matengenezo aliandika: kitasa cha masjala kibovu, kimebadilishwa. Kisha alimwambia injinia aweke kengele, ili namba ikipanda jengo likiwa limefungwa, simu ya mlinzi ilie. Injinia alisema ni wazo zuri sana, amelipata wapi? "Limekuja tu," alisema.

Wiki ile ile, saa saba mchana, aliona kitu kwenye skrini: masjala imeshuka. Akadhani kipimo. Halafu akasikia viatu kwenye ngazi ya paa, na Bwana Masjala akatokeza, ameshika mkebe wa chakula na kiti cha kukunja, akitweta.

"Nimekuja kukagua kama hewa yako inalowesha chochote huku," alisema.

Ndivyo ilivyoanza. Hawakuwa wapenzi, ingawa mpishi alipeleleza kwa wiki mbili na kutangaza kwamba moshi umeonekana. Walikuwa watu wawili wanaokula mchana kwenye kivuli cha tangi. Yeye alimwambia juu ya mama. Bwana Masjala alimwambia juu ya mkewe, aliyeondoka zamani sana na mtu mwenye pikipiki. Aliyasimulia hayo kwa ufupi, kama mtu anayesoma anwani ya barua. Siku nyingine walisikiliza tu mashine ikivuta.

Injinia alikuwa akidai maelezo ya maandishi ya namna ya kuiendesha, na Mama Hewa alikuwa akimkwepa miezi yote, kwa aibu ya mwandiko wake. Bwana Masjala alipojua, alileta karatasi na kalamu mbili. "Wewe sema, mimi niandike." Ikachukua majuma sita. Alimbana kwa maswali: unaposema inaguna, inagunaje? Kama paka au kama lori? Alipomaliza, kulikuwa na kurasa arobaini na moja, na kwenye jalada, kwa ule mwandiko wa barua za malalamiko, aliandika jina kamili la fundi kama mtunzi. Mama Hewa alilitazama jina lake mpaka herufi zikaanza kuogelea.

Miezi minane ikaisha. Palikuwa na keki, soda, na hotuba ya meneja aliyekosea mwaka wa kuajiriwa kwake. Bwana Masjala alikuwa anahamia kwa dada yake, mji mdogo mwendo wa saa sita. Juu ya paa alimwachia kile kiti cha kukunja.

"Njoo ututembelee, mama."

"Nitakuja."

Alipiga simu kila Jumapili, halafu Jumapili moja na kuruka moja, halafu kimya. Mama Hewa alipompigia, alipokea dada mtu: kaka katoka kidogo, nitamwambia. Hakupiga. Mama Hewa hakununa. Alichukua likizo yake ya kwanza baada ya miaka tisa, akanunua sukari na sabuni za kupeleka, akasafiri.

Walimpokea vizuri mno. Dada mtu alimkumbatia getini na kumwita wifi kwa utani, akamvuta ndani. Bwana Masjala alikuwa amenenepa. Shati lake lilikuwa na makunyanzi, na wajukuu wawili wa dada yake walikuwa wamempanda, mmoja begani, mwingine mguuni, wakimtaka awe farasi. Alifurahi kumwona, hilo halikuwa na shaka. Lakini walipokaa, maneno yalikataa kuja. Alimwuliza habari za mashine. Akamwambia imepitishwa, itafungwa ghorofa zote, na yeye atafundisha mafundi wengine kwa kitabu chao. "Vizuri sana," alisema, na mtoto akamvuta sikio, akageuka kucheka naye. Alikuwa amepona. Kile kilichokuwa kikimpandisha ngazi kila saa saba hakikuwepo tena, na Mama Hewa, akitazama, alifurahi kwa moyo mweupe, na moyo huohuo ulimuuma mpaka akaomba maji.

Alilala usiku mmoja, akaaga asubuhi. Dada mtu alimfungia mayai ya kuku wake, kila yai ndani ya kipande chake cha gazeti. "Wifi, usitupotee." Bwana Masjala alimsindikiza hadi kituoni, akasimama mpaka gari likaondoka, akipunga mkono taratibu kama mtu anayefuta ubao.

Alifika nyumbani jua likiwa bado juu. Alifungua kifurushi mezani: mayai kumi na sita, hakuna lililopasuka. Mtu mmoja atakula mayai kumi na sita lini? Akayatazama, akachukua nane, akayaweka kwenye bakuli, akatoka ukumbini. Kwenye mlango wa pili aliishi mama mmoja mjane ambaye, kwa miaka yote hiyo, walikuwa hawajapita naye salamu ya asubuhi.

Alibisha hodi. Mlango ukafunguka kidogo, likatokea jicho, kisha uso mzima.

"Kuna nini, jirani? Kwema?"

"Kwema. Nimeletewa mayai mengi."

Jirani alitazama bakuli, akamtazama yeye, akatazama bakuli tena. "Mimi nilijua una watu wengi humo ndani," alisema. "Kila siku nasikia wanabishana."

"Ni redio."

"Redio!" Jirani alishika kiuno. "Na mimi miaka yote nasema, yule mwenzangu kajaliwa, nyumba haikauki wageni." Akaufungua mlango wote, akaondoa nguo zilizokuwa juu ya kiti pekee. "Basi ingia, usisimame hapo kama mpima umeme. Goti langu hili limenisumbua tangu juzi, na sina wa kumwambia."

Mama Hewa alisita kizingitini, bakuli mikononi. Kisha akavua viatu.